Daraja la Mti Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mke wangu ametoa hukumu. Aliitoa akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuielewa mara ya kwanza, ikabidi airudie. Cherehani yake imechoka kukaa sebuleni. Wateja wake wanapimwa nguo mbele ya runinga, nami nimekaa hapo hapo nasikiliza habari. Chumba cha nyuma kina dirisha kubwa, kina mwanga wa kutosha, na kinakaliwa na fimbo.

Nilimsahihisha. Si fimbo, ni pinde.

Akasema fimbo ni fimbo mpaka ilete kitu nyumbani. Mwaka wa sita huu nimo katika chama cha wapiga upinde wa asili, na sijaleta hata kikombe cha chai. Kisha akaweka masharti. Shindano la mwaka ni tarehe 15. Nikirudi na medali, ya rangi yoyote, chumba ni changu na hatakitaja tena. Nikirudi mikono mitupu, cherehani inahamia siku ya pili yake.

Nimekubali. Nimekuwa karani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi; siogopi masharti. Kuna tatizo moja tu, nalo si kubwa. Mishale yangu haiendi ninakoitazama.

Nimeazimia kupata medali.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda chamani kusoma ubao wa matangazo. Ulikuwa na makosa mawili ya uandishi. Nimeyarekebisha kwa kalamu yangu mwenyewe. Halafu nikayasoma madaraja.

Niliweke hili wazi kwa ajili ya kumbukumbu. Kwetu hashindani mtu na mtu tu. Kifaa nacho hushindana na kifaa mwenzake. Kila aina ya upinde ina daraja lake. Kuna Daraja la Ncha Kunja, la pinde zenye ncha zilizorudi nyuma na kuvikwa faibaglasi. Huko wamejaa vijana wenye mabega. Kuna Daraja la Tabaka, la pinde ndefu za mbao nyembamba zilizogundishwa pamoja. Huko ndiko nilikoshiriki miaka yote, na huko ndiko aliko shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni kinyozi. Kombe la Tabaka amelichukua mara nne. La mwisho ameliweka dukani kwake, kati ya brashi na poda, nami hulitazama kila ninaponyolewa, kwa kuwa kiti chake hakigeuki.

Na chini kabisa ya ubao lipo Daraja la Mti Mmoja. Upinde wa kipande kimoja cha mti. Mishale ya mbao, yenye manyoya ya ndege halisi. Hakuna kiegemeo cha mshale isipokuwa ngumi yako. Hakuna alama yoyote ya kulengea. Hakuna gundi yoyote kwenye upinde. Kifungu cha gundi nilikiandika mimi, nilipokuwa katibu wa kamati ya kanuni, na mpaka leo nakiona kizuri. Kinachofuata ni changu pia: kila upinde utatumiwa katika daraja lake, si juu wala chini, na mwenye nao hana ruhusa ya kuhama. Tangu siku hiyo wanachama huniita Mzee Kifungu. Nadhani ni kwa heshima.

Waliojiandikisha Mti Mmoja: hakuna.

Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniomba ninyanyue miguu. Daraja lisilofikisha watu watatu huvunjwa. Lakini likifikisha watatu, medali ni tatu: dhahabu, fedha na shaba. Watu watatu, medali tatu! Hata mshale wangu ukienda kuangua kiota, narudi nyumbani na shaba.

Nahitaji watu wawili. Wasiwe hodari. Nimejiandikisha wa kwanza, kwa herufi kubwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mtu wa kwanza amepatikana: mfamasia wa mtaa wetu. Ni mwanachama. Ana upinde wa mti mmoja aliorithi kwa mjomba wake. Na haoni. Miwani yake ni minene, na upote, yaani ule uzi wa upinde, huigonga kila anapouachia. Kwa hiyo huivua. Akishaivua huuliza shabaha iko upande gani. Sijawahi kukutana na mshindani anayefaa zaidi.

Alisita. Alisema hajagusa upinde tangu alipotoboa mwavuli wa mwenyekiti. Nikamwambia mwavuli ule ulikuwa umefunguliwa mahali pasipofaa. Akasema ana aibu. Nikamwambia michezo ya asili inakufa kwa sababu watu wenye urithi wa mjomba wanauficha nyuma ya kabati la dawa. Niliendelea kumweleza mpaka foleni ya wagonjwa ikaanza kukohoa kwa makusudi, hata wale waliokuja kwa maumivu ya goti.

Akakubali ili niondoke. Kukubali ni kukubali.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimetafuta mtu wa pili asubuhi nzima. Wanachama wote wana pinde za kisasa na hawataki kuonekana na kijiti. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

Nimerudi nyumbani na kuzisoma kanuni upya. Kumbe mwanachama anaweza kumleta mtu wa familia yake kama mgeni. Nikanyanyua kichwa. Mke wangu alikuwa mezani anakata kitambaa cha sare.

Niliandaa hoja nne. Ya kwanza ilihusu afya ya mgongo. Ya pili ilihusu ndoa. Sikufika hata kwenye ya pili. Alikubali kabla sijaimaliza ya kwanza. Aliuliza mambo mawili tu: tutakuwa wangapi, na atatumia upinde gani. Nikamjibu kwamba tutakuwa wachache wenye sifa, na kwamba atatumia upinde wangu wa zamani, nami ule mpya, zote mbili za mti mmoja.

Nilisikitika kidogo kuona hoja tatu zinabaki, kwa hiyo nikampa zote. Aliendelea kukata. Alikuwa akitabasamu akikiangalia kitambaa. Nadhani mstari ulikuwa umenyooka.

Daraja limekamilika. Naandika haya nikiwa chumba cha nyuma, dirisha wazi, miguu juu ya kiti. Chumba hiki kinanifaa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kikwazo. Upinde wa zamani una ufa, hapo penye mshiko. Si mrefu, lakini unalia ukivutwa. Upinde ukivunjika mikononi mwa mke wangu, tutabaki wawili na daraja litavunjwa. Nimetoa ngozi ya mshiko, nimeujaza ufa gundi, nimeufunga kamba ukakauka, nimepiga msasa na kuirudisha ngozi. Kazi safi. Najua kanuni inasemaje. Lakini kifungu cha gundi kiliwalenga watu wanaogundisha kwa nia mbaya, na mwandishi wake ni mimi. Chupa ilikuwa bado na gundi nyingi, na mimi si mtu wa kuacha kitu kikauke bure.

Alasiri, mafunzo. Siku ya ukaguzi kila mgeni lazima aonyeshe kwamba mishale yake inafika, kwa hiyo ilinibidi nimfundishe kweli. Nilijaza gunia mabaki ya vitambaa vyake na kulitundika nyuma ya nyumba. Nikamweleza historia ya upinde, sehemu za mshale, na maana ya subira. Alisikiliza akiwa amesimama juani. Kisha akauliza kama sasa anaweza kupiga.

Mshale wa kwanza uliingia katikati ya gunia. Nikamwambia hiyo ni bahati. Wa pili ukaingia pembeni ya wa kwanza. Nikamwambia bahati si kitu cha kutegemea. Wa tatu ukagusana na wa pili. Hapo nikamsimamisha. Nikamrekebisha kiwiko, bega, kidevu na pumzi. Wa nne ukaenda kwenye uzio wa jirani.

Nikafarijika. Mafunzo yameanza kumwingia.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shaba nimeihakikisha. Sasa nitazame dhahabu. Itakuwa aibu mtu aliyeliokoa daraja asimame nyuma ya mfamasia.

Nimewaza hivi. Mishale yangu hupotea kwa sababu upinde wa mti mmoja hauna pa kulengea. Mtu hutakiwa alenge kwa moyo. Moyo wangu ni wa karani. Unahitaji mahali palipoandikwa. Kwa hiyo nimetia nukta ya wino upande wa ndani wa upinde wangu, juu kidogo ya ngumi, ndogo kama ufuta. Nukta ikikaa juu ya gunia, mshale unaingia kwenye gunia. Nimejaribu tena na tena. Ni mara ya kwanza tangu nijiunge na chama mishale inanitii.

Kanuni inakataza alama. Hii si alama. Ni kinundu ambacho mti ulisahau kukiota.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Ilikuwa kosa.

Duka lilikuwa limejaa. Kinyozi aliponifunga kitambaa shingoni akawatangazia wote kwamba shemeji yake amehama Tabaka. Akaniuliza kwa upole, wembe ukiwa kidevuni:

"Shemeji, nasikia umekimbilia chekechea?"

Wateja wakacheka. Mmoja aliyekuwa na povu akacheka mpaka likaruka. Mtu hawezi kumjibu aliyemshikia wembe kooni. Kinyozi akaendelea. Akasema mwaka huu kombe la Tabaka atalichukua akiwa amefumba jicho, maana hakutakuwa na mtu wa kumpotezea mishale kwenye majani. Akasema atanialika nilipanguse.

Nikatazama juu ya kioo. Upinde wake umetundikwa hapo ili wateja wauone. Na ubavuni mwake, kati ya mistari ya tabaka, niliona mmoja wa ajabu. Mwembamba, unaong'aa, umenyooka toka ncha mpaka ncha. Nikajiuliza mbona mishale yake huruka imelala, kama imetumwa. Jibu likanijia kabla hajamaliza masharubu. Tabaka huruhusiwa kuwa za mbao tu. Ule mstari ni faibaglasi iliyofichwa.

Kwa haki sikuwa na sababu ya kumgusa. Yeye yuko daraja lake, mimi langu, na shaba yangu iko salama. Lakini kanuni ni kanuni, na kidevu changu kina mkwaruzo.

Mchana nimeandika malalamiko rasmi kwa mkaguzi wa vifaa. Kurasa tatu, aya zote zimepewa namba. Mke wangu alipita akaniuliza naandika nini huku natabasamu hivyo. Nikamwambia wasia. Akasema nisisahau kutaja chumba.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku ya ukaguzi. Naandika kwa mkono wenye vumbi la mti.

Mkaguzi wetu wa vifaa ni muuguzi mstaafu. Huushika upinde kama anavyoushika mkono wa mgonjwa, akitafuta mapigo. Mbele ya chama chote alitangaza kwamba kuna malalamiko juu ya upinde wa kinyozi. Hakumtaja mlalamikaji. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Wote waligeuka kunitazama.

Akafungua ngozi ya mshiko. Akakwangua vanishi ya ubavuni kwa kisu kidogo. Akanusa. Akalowesha kidole akaufuata ule mstari ubavuni, na mstari ukaja na kidole. Ulikuwa rangi tu, imechorwa na kupakwa vanishi. Mimi nilianza kupanga maneno ya unyenyekevu.

"Upinde huu hauna faibaglasi," akasema. "Wala hauna tabaka. Ni mti mmoja, toka ncha mpaka ncha."

Kinyozi alipigwa na butwaa kuliko sisi. Akasema aliyemuuzia alimwapia kwamba ni mbao saba. Mbao saba! Kumbe fundi alichora mistari ili ufanane na wa bei mbaya, na shemeji yangu amechukua makombe manne na kijiti. Polepole uso wake ukabadilika kutoka kudanganywa kwenda kwenye kusifiwa.

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni. Akasoma kwa sauti kifungu changu cha pili, na alipumzika penye kila mkato niliouweka. Kila upinde katika daraja lake, si juu wala chini. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Umekiandika vizuri, mzee. Hakina mwanya."

Kwa hiyo kinyozi amehamishiwa Mti Mmoja. Amehamishwa na kalamu yangu, mara mbili. Sasa tuko wanne. Medali ni tatu.

Si hayo tu. Mkaguzi akasema kwa kuwa daraja letu limepata mtu mpya kwa njia ya malalamiko, atazipangusa pinde zetu zote, asionekane anapendelea. Akachukua kitambaa kibichi. Ngozi za mishiko hakuzifungua, maana hakuna mwingine aliyelalamikiwa. Alipofika kwangu alipangusa mara moja, akakitazama kitambaa, akanionyesha. Akasema ameona vinundu vingi katika maisha yake, lakini hiki ni cha kwanza kutoka kwa maji.

Alinipa msasa. Nimekifuta kinundu changu kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya wanachama. Kinyozi alinishikia upinde usiteleze. Ana adabu nyingi pale inapouma.

Mke wangu alifaulu jaribio la mgeni. Sikuangalia. Nilisikia makofi.

Alasiri nilikwenda kwa mfamasia kumshauri ajitoe. Watatu wangebaki, shaba ingerudi. Nilimkumbusha aibu. Nilimkumbusha mwavuli. Akanishika mikono yote miwili na machozi yakamlengalenga. Akasema nimemrudishia kitu alichokuwa amekizika pamoja na mjomba wake. Isitoshe, mke wangu amemshonea mkanda wa mpira. Sasa miwani haitikisiki, na jana aliiona shabaha kwa mara ya kwanza. Akasema ni kubwa kuliko alivyodhani.

Nimetoka na dawa ya kikohozi ambayo sikuihitaji. Sijakata tamaa. Nimeshawahi kushinda kesi mbaya kuliko hii, au angalau nimeziandika.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Naanza na hali ya hewa. Ilikuwa nzuri. Siwezi kuilaumu.

Tulisimama wanne kwenye mstari: kinyozi, mke wangu, mfamasia, nami. Mke wangu alikuwa amevaa raba na kanga ya kichwa, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alipouinua upinde, kinyozi akaacha kufunga podo lake akamtazama.

"Dada, bado unasimama kama marehemu Baba."

"Na wewe bado unaongea kama yeye," mke wangu akasema, na akaachia. Ukaingia kwenye duara la njano, la katikati kabisa.

Nikauliza ni baba yupi huyo. Ni baba yao, mkwe wangu, niliyemjua akiwa mzee wa kiti na redio. Kumbe ujanani alikuwa mlinzi wa mashamba, na kazi yake ilikuwa kufukuza nyani kwa mishale isiyo na ncha. Aliwafundisha watoto wake wote wawili. Nikamuuliza kinyozi nani alikuwa hodari zaidi. Akatazama mawingu. Akasema swali hilo nyumbani kwao lilikatazwa.

Nikamgeukia mke wangu. Nikamuuliza, kwa utulivu, ni kwa nini katika ndoa yote hii hajawahi kuniambia.

"Hukuniuliza," akasema. "Ulikuwa unanieleza."

Nimeliandika kama alivyolisema. Nitalitafakari nikipata nafasi.

Mashindano yalikwenda hivi. Kinyozi na dada yake walipokezana duara la njano kama watu wanaopeana chumvi mezani. Mfamasia alipiga kwa mshangao. Kila mshale ulipofika alicheka. Mimi nilipiga kwa nia. Mishale yangu ilikwenda kila mahali palipokuwa na heshima ya kutosha kuipokea.

Lakini mfamasia ana pumzi fupi, na mwishoni alianza kuchoka. Ilipofika zamu yangu ya mwisho alikuwa na alama 97, nami 94. Mshale mmoja ulibaki. Alama nne tu, yaani duara la nje, pale panapopatikana hata kwa kupiga chafya. Shaba. Chumba. Dirisha.

Nilivuta. Nikaitafuta nukta. Haikuwepo. Lakini pale nilipopiga msasa mti ulikuwa umebaki mweupe, doa kubwa kama ukucha. Nikafurahi. Mungu hamtupi mja wake! Nikaliweka doa juu ya shabaha kama nilivyokuwa nikiiweka nukta, na nikaachia kwa moyo mmoja.

Sasa naelewa kwamba doa lilikuwa limeshuka chini kuliko nukta, kwa hiyo upinde niliuinua mno. Mshale uliondoka kwa adabu kubwa. Ukapita juu ya shabaha. Ukapita juu ya wavu. Ukashuka taratibu kwenye meza ya zawadi na kuutoboa mwavuli mpya wa mwenyekiti, aliyekuwa chini yake anapanga medali. Alisimama polepole. Mfamasia akamwendea akamshika bega. Alijua hali hiyo tangu mwavuli wa kwanza.

Matokeo ya Mti Mmoja: kinyozi 174, mke wangu 168, mfamasia 97, mimi 94. Katika Daraja la Tabaka, lililobaki bila kinyozi, mshindi amechukua kombe kwa alama 141. Ni fedheha kwa daraja zima. Hata mke wangu na upinde wangu mkuukuu amewapita wote kumi na mmoja. Lakini alama za daraja jingine hazinihusu. Nimeziandika ili kumbukumbu iwe kamili.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Cherehani imehamia. Tuliibeba mimi na kinyozi. Mlangoni ilikwama, na mke wangu akatuelekeza tuinamishe upande gani. Tulikuwa tumebishana, kila mtu na upande wake, na wote wawili tulikosea.

Pinde zangu ziko chini ya kitanda. Nikijigeuza, zinagongana.

Lazima nikiri hakunidhihaki. Kinyozi ndiye aliyeliuliza gunia la vitambaa kama limeumia. Mke wangu alimwambia anyamaze ale. Medali yake ya fedha ameitundika kwenye taa ya cherehani, inacheza kila anapokanyaga. Ukutani ameniachia msumari mmoja. Akasema huo ni wangu, nitundike upinde nitakaoupenda.

Baada ya kinyozi kuondoka alinivutia kiti karibu na dirisha. Akasema mwanga unatosha watu wawili, na hata gazeti linasomeka hapa. Nikakaa. Alikuwa anashona mkono wa gauni. Mlio wa cherehani si mbaya ukiusikia kutoka karibu. Nilikaa kitambo, na kwa muda sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kumuuliza kuhusu nyani.

Nikanyoosha mkono kuuchukua upinde wa zamani, aliokuwa ameuegemeza pembeni, niutundike kwenye msumari. Ngozi ya mshiko ilikuwa imelegea kwa jasho la mkono wake. Ikateleza. Chini yake kuna mstari wa manjano, mgumu, unaong'aa.

Gundi.

Sikumuuliza kuhusu nyani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Rufaa imekamilika. Kurasa tano. Nimeiandika mezani sebuleni, mahali ilipokuwa cherehani. Kuna nafasi kubwa sana sasa.

Hoja yangu haina mwanya. Kwa mujibu wa kanuni, upinde wa Mti Mmoja hautakuwa na gundi yoyote. Upinde alioutumia mke wangu una gundi. Kwa hiyo ni vipande vilivyogundishwa, na kwa hiyo ni wa Tabaka. Kwa mujibu wa kifungu kinachofuata, kila upinde uhesabiwe katika daraja lake, si juu wala chini. Alama zake 168 zihamishiwe Tabaka. Huko kuna wanaume kumi na mmoja, wazoefu. Atazama asionekane hata utepe wa shingoni. Mti Mmoja tutabaki kinyozi, mfamasia, nami. Watu watatu, medali tatu. Shaba ni yangu, na chumba ni changu, na sikumlalamikia mtu wa nje ya daraja langu safari hii. Kosa lile silirudii.

Najua mkaguzi atauliza ushahidi. Ninao. Nitaapa mwenyewe kwamba mgundishaji ni mimi. Chupa nitaibeba kama kielelezo cha kwanza. Akisema ni gundi dhaifu isiyostahili kuitwa gundi, nitamwonyesha nguvu yake: kilichobaki siku ile nilikipaka kwenye ufa wa upinde wangu mwenyewe, chini ya ngozi, nao umestahimili shindano zima bila kulia hata mara moja.

Mke wangu ameuliza kutoka chumbani naandika nini. Nimemwambia wasia. Akasema nikimaliza nimpigilie rafu juu ya cherehani, iwe pana, maana huwezi kujua. Nimemwahidi kwa moyo mkunjufu. Rafu itanifaa mimi.

Kesho asubuhi naipeleka kwa mkaguzi. Upinde wangu nimeshaufungua ngozi na kuufunga kwenye gazeti, uwe kielelezo cha pili. Karani mzuri haendi kudai haki mikono mitupu.